Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Naye Ajiandae

Kila mwaka ifikapo miezi ya Juni, Julai na Agosti, parokia nyingi za nchi yetu hupokea wageni wa namna ya pekee. Si watalii, wala si wafanya biashara. Ni vijana, na pengine watu wazima waliokwisha kustaafu kazi zao, watokao Ulaya na Marekani, ambao wameacha nyumba zao kwa mwezi mmoja, au miezi sita, au hata miaka miwili, waje kufanya kazi pasipo mshahara: kufundisha shuleni, kuuguza katika zahanati, kujenga, kuchimba mitaro ya maji. Twawaita watu wa kujitolea. Juma hili twapenda kuzungumza juu yao, na zaidi juu yetu sisi tunaowapokea.

Ili tusizungumze hewani, yafaa tuchague mahali. Tuchague Kansay.

Kansay ni kata moja ya Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, upande wa kusini wa wilaya hiyo, katika Jimbo la Mbulu. Wasomaji wetu wa Songea au Bukoba au Tanga labda hawajapata kuisikia, na hilo si ajabu. Barabara ya lami iendayo lango la Ngorongoro hupita Karatu mjini, na magari ya watalii huonekana hapo asubuhi na jioni. Lakini magari hayo hayakati kona kwenda Kansay. Huko hakuna kreta ya kutazamwa. Kuna mashamba ya mahindi, maharagwe na mbaazi, kuna ng'ombe na mbuzi, kuna shule na makanisa, na kuna familia za Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu. Basi tuseme kijana wa Ireland, au wa Ujerumani, ameandikiwa barua kwamba mahali pake pa kujitolea patakuwa Kansay. Anafanyaje?

Twajua afanyavyo. Huenda kwa daktari akachanjwa. Hununua kurunzi, chandarua, buti, vidonge vya malaria, chupa ya kuchujia maji. Huandika orodha, kila akinunua kitu hukifuta. Yote hayo ni mema, wala hatumcheki. Mama yake ana hofu kama alivyo na hofu mama wa hapa kwetu mwanawe aendapo shule ya bweni. Ila kama tungepata nafasi ya kuiona orodha ile, tungemwongezea mambo mawili matatu.

La kwanza ni sweta. Wageni wengi hudhani Afrika nzima ni joto. Karatu iko juu. Mji wenyewe u karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai watu huko hukaa karibu na moto.

La pili ni hati. Kwa sheria ya nchi yetu, mgeni ajaye kujitolea yampasa apate kibali cha ukaazi cha Daraja C, ambacho ndicho cha watu wa kujitolea, na pia cha wamisionari, wanafunzi na watafiti. Viza ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi, hata kama kazi hiyo ni ya bure. Tumelitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu parokia nyingine huona haya kumwuliza mgeni hati zake, kana kwamba upendo wa kikristu na sheria ya nchi ni maadui. Sivyo. Mgeni mwema hafurahii kujificha, na mgeni asiye mwema hupenda sana nyumba isiyouliza.

La tatu ni ulimi. Kijana huyu pengine atajifunza Kiswahili kidogo kabla ya kupanda ndege, nasi twamsifu. Lakini akifika Kansay atakuta kwamba bibi wa nyumba azungumza Kiiraqw, lugha ambayo si ya Kibantu hata kidogo. Ni jamaa ya lugha za Kikushi, kama zile za Somalia na Ethiopia, tena ina sauti za kooni na za pembeni mwa ulimi ambazo hata mtu wa Pwani hawezi kuzitamka asichekwe. Mbele ya bibi yule, kijana wa Ireland na mwalimu aliyehamishwa kutoka Lindi watakuwa sawasawa: mabubu wawili.

Tena ataona mambo kwa macho asiyajue. Ataona ng'ombe kumi zizini aseme moyoni, huyu ni tajiri. Kumbe tangu zamani Wairaqw wana desturi ya kukopeshana ng'ombe: ng'ombe wa mtu mmoja hukaa kwa jirani au kwa jamaa, huyo hunywa maziwa na kumtunza mnyama, na hivyo maradhi au ukame hauwezi kummaliza mwenye mali kwa siku moja. Mgeni akihesabu ng'ombe wa zizi lile amehesabu urafiki wa watu, hakuhesabu mali. Ataona wazee wamesimama, mmoja akisema na wengine wakiitikia kwa sauti moja, naye atadhani ni mkutano. Kumbe ni slufay, sala yao ya baraka waliyorithi kwa mababu. Asipouliza, ataandika kwao barua ndefu yenye makosa mengi.

Lakini mambo haya yote bado ni ya mkobani na ya kichwani. Twauliza juu ya moyo.

Katika Injili ya Mt. Luka, sura ya 10, Bwana wetu Yesu Kristu awatuma wafuasi sabini na wawili, wawili wawili, waende mbele yake. Naye pia awapa orodha. Ila yeyote aisomaye polepole ataona kwamba orodha ile ni ya vitu vya kuacha nyumbani: mfuko wa fedha, mkoba, viatu. Kisha waambiwa la kufanya wafikapo. Watakie amani nyumba. Wakae nyumba ileile, wasihamehame. Wale kile watakachoandaliwa. Na baada ya hayo ndipo waambiwa wawaponye wagonjwa waliomo. Tafadhali, wasomaji, tazameni utaratibu huo. Kula kwatangulia kuponya. Mponyaji akaribishwa kwanza, akalishwa, akalazwa, akawa mwenye deni kwa watu wale, ndipo mkono wake ukaweza kuwagusa wagonjwa wao.

Bwana mwenyewe alifanya vivyo hivyo. Pale kisimani pa Yakobo, saa sita ya mchana, alikuwa amechoka kwa safari. Na yeye aliyekuwa na maji ya uzima wa milele alianza kwa kumwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Akina mama wa Karatu wanaotembea na madumu wakati wa kiangazi wanaielewa Injili hii kupita sisi tunaofungua bomba. Mtu akikuomba maji uliyoyafuata mbali, amekwambia kwamba una kitu. Yule mwanamke alikuwa na aibu nyingi mjini kwake. Pengine kwa miaka mingi hakuna mtu aliyemwomba kitu chochote chema. Akauacha mtungi wake, akaenda mbio kuwaita watu.

Hivyo twamwambia kijana wetu wa Ireland: utakapofika Kansay, katika juma la kwanza usitoe kitu. Omba. Omba maji, omba kufundishwa kukoka moto, omba kuonyeshwa njia, omba kusahihishwa ulimi. Najua, utasema, lakini nimekuja kutoa! Ngoja kwanza.

Katika nchi jirani na Karatu, yaani huko Loliondo, ambako leo ni Wilaya ya Ngorongoro, lilitokea jambo linalofaa kukumbukwa hapa. Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifika Tanganyika katika miaka ya 1950. Mwaka 1966, akiwa Loliondo kati ya Wamaasai, alimwandikia Askofu wake barua. Misioni ilikuwa na shule, ilikuwa na hospitali, ilikuwa na magari ya kuwabeba watu. Wamaasai walivipokea vyote hivyo kwa shukrani, lakini hakuna aliyezungumza nao juu ya Mungu, wala hapakuwa na Mmaasai mtu mzima aliyeishi imani ya kikristu kwa sababu ya vitu hivyo. Padre akaomba ruhusa ya kwenda kwenye maboma mikono mitupu, azungumze nao tu. Baadaye aliyaandika mambo haya katika kitabu kilichotolewa mwaka 1978.

Jambo lenyewe tulipendalo ni hili. Baada ya mwaka wa mafundisho katika boma moja, padre alianza kuwagawa watu: huyu atabatizwa, yule hakuhudhuria vema, huyu hakuelewa, yule ni mvivu. Mzee wao, jina lake Ndangoya, akamzuia kwa upole. Akamweleza kwamba wavivu wao walisaidiwa na wenye bidii, na wazito wa akili walisaidiwa na wepesi. Padre hakuwepo usiku walipokuwa wakizungumza mambo hayo wao kwa wao. Kama ni kuamini, waliamini pamoja. Padre alinyamaza, akawabatiza wote. Mwalimu akafundishwa maana ya Kanisa na mtu ambaye alikuwa bado hajabatizwa. Je, lingewezekanaje jambo hili kama mzee Ndangoya angekuwa na adabu ile tuliyo nayo sisi, adabu ya kuitikia ndiyo, ndiyo, kila neno la mgeni?

Hapa twafika kwenye kidonda, nacho ni chetu sisi wenyeji.

Mwaka 2014 Mmarekani mmoja, Pippa Biddle, aliandika habari zilizosomwa na watu wengi ulimwenguni. Alipokuwa mwanafunzi wa sekondari alikuja Tanzania pamoja na wenzake wa shule, wakafanya kazi ya ujenzi katika kituo cha yatima. Wasichana wale hawakujua kujenga. Kila siku walipanga matofali, na kila usiku, walipokuwa wamelala, wanaume wa mahali pale waliubomoa ukuta ule mbovu na kuujenga upya, ili asubuhi wageni wasitambue kwamba wameshindwa. Siku moja yeye aliamka mapema, akaona. Habari hizo aliziandika kwa kujilaumu mwenyewe na wenzake, na wengi wa huko kwao wamezitumia kuwalaumu vijana waendao nchi za mbali.

Nasi tulipozisoma hatukuwaza juu ya wasichana wale. Tuliwaza juu ya mafundi. Waliofanya kazi mara mbili walikuwa ndugu zetu. Kwa nini walinyamaza? Kwa nini hakuna hata mmoja aliyesema, binti yangu, lete hapa mwiko, shika hivi, udongo huu umezidi maji? Lingekuwa ni somo la robo saa. Binti yule angerudi kwao na ujuzi wa mikono, na fundi angeitwa mwalimu. Badala yake walimwacha na uongo wa kumfurahisha, na wao wakabaki na uchovu.

Mtasema, ni adabu. Mgeni haaibishwi. Ni kweli, tumelelewa hivyo, wala hatutaki kulelewa vingine. Lakini mara nyingi chini ya adabu ile kuna jambo jingine ambalo twaona haya kulitaja: twaogopa kwamba mgeni akijua ukweli ataondoka na fedha zake. Adabu ya namna hiyo ni biashara iliyovikwa kanzu.

Sisi tunaoandika hapa hatujitoi katika kosa hili. Tulipata kuwapo katika mapokezi ya parokia moja, ambayo hatutaitaja, siku mgeni alipokabidhi cherehani tatu za umeme mahali pasipo umeme. Watoto walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi na matawi mikononi. Msemaji wa parokia alishukuru mara nne. Akina mama ambao walikuwa wameomba cherehani za kukanyaga kwa miguu walipiga vigelegele. Sisi nasi tukapiga makofi, tukala wali, tukaenda zetu. Miaka miwili baadaye tulizikuta zile cherehani zimefunikwa vitambaa vyeupe vilivyotariziwa vizuri sana. Mgeni yule hakupata kujua. Na kama angejua siku ileile angefanya nini? Yawezekana angezibadilisha mjini kabla ya jua kuchwa.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hayati Mwalimu Nyerere aliutumia msemo huo mwaka 1962 alipoeleza maana ya ujamaa. Wengi wetu twauchukua kana kwamba ni wa kumfukuza mgeni mvivu. Maana yake ni kubwa kuliko hivyo. Kumpa mtu jembe ni kumwingiza katika nyumba. Aliyepewa jembe aweza kuambiwa kwamba amelima vibaya. Aliyewekwa kitini daima ataambiwa kwamba amekaa vizuri. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 28, Mt. Paulo aliokoka baharini akafika kisiwa cha Malta, mvua ikinyesha na baridi ikiuma. Wenyeji waliwasha moto wakawakaribisha wote. Na Paulo, mtume wa mataifa, hakukaa akaota. Alikuwa akikusanya kuni pamoja nao, hata nyoka akamtokea katika mzigo wake. Kisha Publio, mkubwa wa kisiwa, akawakaribisha kwake siku tatu, na baba yake alikuwa mgonjwa wa homa na kuhara damu, na Paulo akamwombea akapona. Moto wa wenyeji kwanza, kuni za mgeni pili, uponyaji tatu.

Basi parokia za Kansay, na kila parokia itakayopokea wageni mwaka huu, zijiandae. Si kwa kupaka chokaa.

Halmashauri ikae kabla mgeni hajaja, iulize: twahitaji nini hasa, na ni nani kati yetu ajuaye kazi hiyo? Kama twataka darasa, kuna mafundi waashi kijijini wenye watoto wa kulisha. Katika sura ileile ya Mt. Luka Bwana asema juu ya haki ya mtenda kazi kupata ujira wake. Si vema fundi wa Kansay akae mlangoni bila kazi akimtazama mwanafunzi wa Munich akipanga matofali bure. Afadhali mgeni awe kibarua wa fundi huyo, abebe maji na mchanga, na jioni waketi pamoja. Mgeni wa mwezi mmoja asipewe darasa la saba lenye mtihani mbele yake. Asaidie mwalimu, asikilize watoto wakisoma, na mwalimu mwenyewe abaki na chaki yake.

Juu ya watoto twasema kwa ukali, nasi hatuombi radhi. Mtoto asiachwe peke yake na mgeni, awe mgeni huyo Mzungu au Mwafrika, mlei au mtawa. Asilale chumbani mwake, asisafiri naye bila wazazi na bila barua. Asiyependa utaratibu huu atafute mahali pengine pa kujitolea. Na picha: akina mama, mgeni akiomba kumpiga picha mtoto aliyetoka kuchunga, amejaa vumbi, hamkatazwi kumwambia, subiri, aoge, avae nguo za Jumapili. Picha hiyo ndiyo iende Ulaya.

Kuna na ule mkono ulionyoshwa. Hili latuumiza kuliko mengine. Mgeni hajamaliza Misa yake ya kwanza, nje ya mlango vijana watatu wamemngoja, mmoja ana shida ya karo, mwingine ya simu, wa tatu ya nauli. Si kwamba shida hizo ni uongo. Lakini kijana aliyejifunza kuomba kwa mgeni kabla hajaomba kwa jirani amekwisha kuihama jumuiya yake, ingawa bado analala humo. Wazazi, mkemee nyumbani kabla padre hajakemea kanisani. Shida ya karo ina mahali pake: ipelekwe kwa jumuiya ndogo ndogo, ipelekwe kwa halmashauri, na huko wajuao ukweli wa kila nyumba waamue, kisha kama mgeni ataka kusaidia, na atie katika mfuko ule bila jina lake kuandikwa.

Wako wasemao kwamba ingekuwa heri wageni hawa wasije kabisa. Mwaka 1968, huko Cuernavaca katika nchi ya Mexico, Ivan Illich, ambaye wakati huo alikuwa bado padre, aliwaambia vijana wa Marekani waziwazi kwamba wema wao ulikuwa ukiwadhuru maskini. Waje kutazama na kujifunza, wasije kusaidia. Maneno yake yalikuwa machungu na mengi yalikuwa kweli. Sisi hatukubali yote. Mwaka mmoja kabla yake Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika barua yake Populorum Progressio, aliwasifu vijana wanaotoa miaka yao kwa mataifa mengine, akiwaonya wasijifanye mabwana bali wasaidizi, kwa sababu watu watambua upesi kama mgeni amewajia kwa upendo au kwa ufundi tu. Nasi katika nchi yetu twaweza kushuhudia pande zote mbili. Hata Jimbo la Mbulu lilikuzwa na wageni: Mapadre Wapalotini wa Ireland walifika katika miaka ya 1940, na Askofu wa kwanza wa jimbo alikuwa Patrick Winters, mmoja wao. Walikaa miaka, si majuma. Na njia waliyoipita ilisafishwa na makatekista wa mahali pale, ambao majina yao hayako vitabuni.

Tena palepale Karatu mjini, mwaka 2008 ilifunguliwa zahanati na mganga Mmarekani, Frank Artress, pamoja na mkewe Susan Gustafson. Mwaka 2002 walikuwa wamekuja kupanda mlima Kilimanjaro, naye mganga akapatwa na ugonjwa wa mlimani, nusura afe. Alipopona walirudi kwao California, wakauza nyumba, wakarejea kuishi huku. Hesabuni wenyewe: tangu siku aliyougua mpaka siku ya kufungua mlango ni miaka sita. Mganga huyu alianza kama mgonjwa katika nchi yetu. Hatudhani kwamba ilitokea bahati tu.

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba wa kujitolea ni Mzungu daima. Tumefanya makosa, na tuyasahihishe. Siku hizi mapadre na watawa wa Tanzania wanahudumu Ulaya na Marekani, wakikaa katika parokia za vijiji ambako kengele hupigwa na wazee wachache huja. Nao pia waliingia nyumba za watu mikono mitupu, wakala chakula wasichokizoea, wakachekwa ulimi. Lakini vijana wetu walei? Muuguzi aliyesoma Dar es Salaam akipangiwa zahanati ya mbali, wazazi huanza siku ileile kutafuta mtu wa kumhamisha. Kijana wa Ireland ambaye hajapata kuiona Afrika akubali kukaa Kansay mwaka mzima. Kijana wa Morogoro asema Kansay ni mbali. Mbali na nini?

Wazazi wengine watatujibu: mwanetu amemaliza chuo, hana kazi, nasi tumejinyima kwa miaka mingi tukimngoja atuinue, leo mwataka afanye kazi ya bure? Neno hili ni zito, nasi hatulijibu kwa wepesi. Hatusemi ajitolee maisha. Twasema mwezi mmoja au miwili, badala ya kukaa barazani akitazama simu. Na parokia impokeayo imlishe na kumlaza, maana hilo ndilo agizo la Bwana kwa nyumba ipokeayo. Nauli ya basi yaweza kuchangwa na jumuiya yake. Ni fedha kidogo kuliko zile tunazochanga kwa sherehe moja ya kipaimara. Shida kubwa ya mzazi si nauli. Ni kwamba majirani watauliza, amepata kazi gani huko? nasi hatuna jibu la kujivuna nalo.

Wajibuni kwamba ameenda kujifunza Kiiraqw. Miezi hiyo mahindi yanavunwa, mikono yahitajika. Afike, amsalimu yule bibi kwa neno moja alilofundishwa njiani, hata akilikosea, aombe maji ya kunywa. Na kama dumu li tupu siku hiyo, alichukue, amfuate mjukuu wa bibi huko yanakochotwa. Na tafadhali, mama, usisahau sweta.